Ukurasa wa Kumi na Saba

Ipo nchi, wala si mbali na hapo ulipokaa, ambayo jina lake halitajwi bila kibali. Kibali kimeshaombwa. Barua iko mezani kwa anayehusika, na anayehusika yuko semina. Basi tuiite hivyo hivyo, nchi hiyo, tusonge mbele, maana habari yenyewe ni ya moto na ikipoa haina ladha.

Nchi hiyo inapenda utafiti, we acha tu. Ina Taasisi ya Taifa ya Chimbuko na Mwenendo wa Binadamu, ghorofa saba, lifti moja iliyozinduliwa mara tatu na haijapanda hata mara moja. Kila Alhamisi humo ndani kuna mhadhara: leo chimbuko la kusalimiana, wiki ijayo kwa nini binadamu hucheka, wiki nyingine kwa nini sokwe hana serikali na anajisikiaje. Ukumbi hujaa. Wengine hufuata elimu, wengine hufuata sambusa, na hakuna anayeulizwa.

Ghorofa ya tano ndiko alikokuwa na kimeza chake Daktari Siwatu Mkamba, mwanamke mwembamba, sauti ndogo, daftari kubwa. Swali lake maishani lilikuwa moja: watu wakiachwa wenyewe, bila askari, bila mwenyekiti, bila filimbi, wanagawanaje kitu kisichowatosha?

Miaka saba nyuma alijaza fomu ya kuomba kibali cha kulichunguza swali hilo. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nane, na ukurasa wa kumi na saba uliamuru hivi: Taja matokeo ya utafiti huu unaotaka kuuanza.

Siwatu akaandika, "Bado hayajulikani." Fomu ikarudi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Mtafiti asiyejua matokeo yake hajajiandaa." Akaandika, "Itategemea." Ikarudi. Akaandika, "Tutaona." Ikarudi ikiwa na duara la kikombe cha chai. Mwaka ukakatika. Siku moja, mvua inamnyeshea kwenye dirisha la kupokelea fomu, karani ndani anachokonoa meno, Siwatu alipandwa na hasira akaandika maneno matatu: "Watu watagombana tu."

Kibali kilitoka kesho yake, kimepigwa mihuri minne.

Hayo maneno matatu tuyaweke kando kwanza. Yatarudi yenyewe, hayahitaji nauli.

*

Mtaa wa Kwa Magunia una kaya mia mbili na kumi na bomba moja la maji. Bomba lenyewe lina tabia ya mume mlevi: linarudi likitaka, halisemi lilikuwa wapi. Ungedhani hapo kila siku ni kung'oana nywele. Siwatu naye alidhani hivyo, akaenda na sanduku la huduma ya kwanza.

Sanduku halikufunguliwa. Alichokuta ni ndoo. Ndoo zimepangwa mstari, kuanzia kwenye bomba, zikapinda kwenye kibanda cha fundi cherehani, zikaishia mlangoni kwa kinyozi, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Mwenye ndoo anaiweka nyuma ya ndoo ya mwenzake, anakwenda zake kukaanga vitumbua, kunyonyesha, kusuka, kusutana. Ndoo inamshikia nafasi. Asiye na ndoo anaweka dumu. Asiye na dumu anaweka sufuria iliyotoboka. Siku moja Siwatu aliona kandambili moja, ya mguu wa kushoto, imekaa foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kusogezwa na mtu. Na maji yakitoka mwenye ndoo hayupo, jirani anamjazia, anamfunikia, anamwekea pembeni.

"Na asipokujazia?" Siwatu aliuliza siku ya kwanza.

Aliyeulizwa alikuwa Bi Msimu, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye mdomo ambao mtaa mzima unaujua. Alimtazama Siwatu kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye viatu, akarudi juu.

"Asinijazie kwa nini? Ana wazimu?"

"Labda ana haraka zake."

"Kila mtu ana haraka zake, Dokta. Kwani huko ofisini kwenu, wewe ukiweka ndoo yako, nani huipiga teke?"

Jibu lilikuwa refu na lilikuwa na vyeo; Siwatu akafungua daftari.

Alikaa pale miaka sita. Alihesabu zamu elfu tisa mia nne na kumi. Katika zote hizo, walioruka foleni walikuwa watu tisa. Mmoja alikuwa na maiti nyumbani, na wenzake ndio waliomsukuma mbele: "Pita mama, sisi tunangoja kupika, wewe unangoja kuosha." Wanane waliobaki hawakufanana umri wala kabila wala mavazi. Walifanana kitu kimoja tu: kila mmoja alikuwa na barua yenye muhuri inayosema mwenye barua hii apewe kipaumbele.

Nane kati ya tisa. Siwatu alihesabu upya mara nne, akaketi, akacheka peke yake mpaka Bi Msimu akampa maji.

*

Kabla hajamaliza kuandika ripoti, Mkurugenzi wa Taasisi, Profesa Hiza Mbelwa, alimwita ofisini. Alikuwa ameng'aa kama bwana harusi.

"Siwatu, dada yangu, hongera! Utafiti wako umekuwa sheria!"

"Utafiti upi, Profesa? Mbona sijauwasilisha?"

"Wizara haikutaka kukusumbua. Wamechukua matokeo moja kwa moja kwenye kibali." Akasoma kwenye karatasi ya rangi ya dhahabu. "'Kwa kuwa imethibitishwa na Daktari S. Mkamba ya kwamba watu watagombana tu, inaundwa Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Zamu. Kila bomba litakuwa na uzio, Afisa Zamu na daftari. Ndoo, dumu, sufuria au kiatu hakitatambuliwa kuwa mtu. Wasiohudhuria wenyewe watapoteza zamu.'" Akashusha karatasi. "Wangapi wana bahati ya kunukuliwa namna hii? Mimi nina vitabu vitano, sijanukuliwa hata kwenye kalenda."

Siwatu alimwona akilini Bi Msimu amesimama juani kutwa nzima huku mafuta yanaungua nyumbani, na chini ya lile jua, kwa herufi za dhahabu, jina lake yeye Siwatu.

"Profesa, yale niliyaandika kabla sijaanza. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimelowa! Matokeo yenyewe ni kinyume."

"Matokeo yenyewe yana mihuri minne. Hayo ya pili ni maoni yako binafsi."

"Ya pili yana miaka sita!"

"Ndiyo maana nasema binafsi. Serikali haina miaka sita." Profesa alipunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa pensheni. "Sikiliza. Sheria inasainiwa Alhamisi, hapa hapa, saa sita kamili mchana, na Mheshimiwa Waziri wa Mwenendo. Kabla ya hapo wewe ndiye mtoa mhadhara. Umepangiwa dakika arobaini. Ukisema hayo matokeo yako ya pili kabla kalamu haijagusa karatasi, na yeye akasikia, basi kasikia. Ila saa sita haisogei, maana pilau itakuwa imeiva."

Dakika arobaini. Siwatu aliona ni nyingi. Sentensi yenyewe aliyotaka kuisema ilikuwa ya sekunde kumi.

*

Alhamisi ilipofika, Siwatu alikwenda na ushahidi wake: Bi Msimu na wanawake wanne wa Kwa Magunia, wamejifunga khanga sare, wamenukia mpaka mlinzi akasahau kuwakagua. Walikaa nyuma kabisa, karibu na meza ndefu ya chakula.

Shughuli ilianza saa nne asubuhi. Mshereheshaji, Bwana Tindwa, suti ya bluu ya kung'aa, akashika kipaza sauti kama mtu aliyekuta ndugu yake aliyepotea.

"Kabla hatujaanza," alisema, "itifaki."

Ukapigwa wimbo wa taifa, ukafuata wimbo wa Taasisi wenye beti kumi na moja. Ikasomwa dua ya kwanza, ya pili, na ya wasio na uhakika. Kisha utambulisho. Bwana Tindwa akawatambua walioko meza kuu, mmoja mmoja, na kila mmoja akasimama, akapunga, akaomba dakika moja ya kusalimia. Walipokwisha meza kuu wakatambuliwa walioko safu ya mbele. Walipokwisha safu ya mbele wakatambuliwa walioshindwa kuja, ambao nao walipigiwa makofi, mengi kuliko waliokuja.

Saa tano kasoro robo Profesa mmoja kutoka Idara ya Mifupa ya Kale alipewa nafasi "achangamshe ukumbi" kwa mhadhara mfupi juu ya hatua za binadamu.

"Wageni wanasema," alinguruma, "kwamba binadamu alisimama kwa miguu miwili ili aone mbali kwenye nyasi. Uongo wa kitaalamu! Sisi tumechimba. Tumepima. Binadamu alisimama kwa miguu miwili kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anaingia!"

Ukumbi ukasimama wote kwa miguu miwili, ukashangilia. Na kweli, mgeni rasmi alikuwa anaingia.

Alikuwa Mheshimiwa Sostenes Lugongo, Waziri wa Mwenendo, amechelewa saa moja, mbele wapambe, nyuma wapambe, katikati tumbo. Siwatu akashukuru Mungu, akachukua daftari lake akainuka. Bwana Tindwa akamkalisha kwa kiganja.

"Kwa kuwa mgeni rasmi hakuwepo wakati wa utambulisho," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "na kwa mujibu wa itifaki utambulisho usio na mgeni rasmi ni batili, tunaanza upya."

"Mungu wangu," alisema Siwatu.

"Hata dua?" Bi Msimu aliuliza kwa sauti kutoka nyuma. "Kwani yule wa juu naye hakuwepo?"

Waliocheka walitazamwa.

Wakaanza upya. Beti kumi na moja. Siwatu alikaa, macho kwenye saa ya ukutani. Aliandika kikaratasi, "Bwana Tindwa, nipe japo dakika mbili," akakipitisha. Kikaratasi kikasafiri safu tatu, kikamfikia Bwana Tindwa, naye akakisoma kwenye kipaza sauti: "Tumepokea pia salamu kutoka kwa Daktari Mkamba, tumpigie makofi ya kilo!" Akapigiwa.

Saa sita kasoro dakika tano jina lake likaitwa.

Siwatu alikwenda mbio. Kwa hesabu aliyoifanya kichwani, akikata salamu, anafika kwenye nane kati ya tisa akiwa na dakika nne za akiba. Akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, katika miaka sita ya—"

"Taarifa!" Mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa amesimama, fimbo juu. "Huyu mama hajamtambua mgeni rasmi! Amewatambua mabibi na mabwana! Mheshimiwa ni bibi?"

Ukumbi ukavuma. Profesa Hiza akafunika uso. Siwatu akasema haraka, "Samahani. Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa, katika miaka sita—"

"Imezingatiwa na nani?" Mzee hakuketi. "Itifaki haizingatiwi kwa jumla jumla! Ina majina!"

Bwana Tindwa, mtu mwema, akaja kumsaidia. Akachukua kipaza sauti taratibu, akamtajia wote, kwa vyeo vyao, ili yeye Siwatu arudie tu. Siwatu akarudia. Maneno yalikuwa yanamtoka mbio, na waliomsikia walisema baadaye ni kwa heshima aliyokuwa nayo kwa meza kuu. Alipomtaja wa mwisho, Naibu Katibu Msaidizi wa Mapokezi, mshale mrefu wa saa ulikuwa umebakiza alama moja.

"Walioruka foleni ni tisa tu," alisema kwa pumzi moja, "tisa katika miaka sita, Mheshimiwa, usisaini, na kati ya hao tisa, nane wali—"

Saa sita. Tarumbeta zikalipuka. Bendi ilikuwa nyuma ya pazia na ilikuwa imeambiwa isisubiri mtu.

Siwatu aliendelea kusema. Mdomo wake ulionekana ukisema nane, ukisema barua, ukisema muhuri. Mheshimiwa alimtikisia kichwa kwa furaha, akachukua kalamu, akasaini.

*

Kama hujawahi kuona wakubwa wa nchi hiyo wakiitwa chakulani, umebarikiwa. Mtu aliyekuwa anazungumza juu ya chimbuko la ustaarabu aliruka kiti. Profesa wa Mifupa ya Kale alimpiga mwenzake kiwiko cha mbavu, kwa ufundi, kwenye mbavu anazozifahamu kwa majina. Sinia la kachumbari likapinduka. Naibu Katibu Msaidizi wa Mapokezi alionekana akitoka chini ya meza na paja la kuku, na hakuwa ameingilia upande huo. Huku wanapiga kelele, kila mmoja, "Unanijua mimi? Unanijua mimi ni nani?" ambalo si swali la kuuliza watu waliotambulishwa mara mbili.

Wanawake wa Kwa Magunia walikuwa wamesimama ukutani, midomo wazi.

"Dokta," Bi Msimu alimwambia Siwatu, aliyekuwa amekaa chini kwenye ngazi ya jukwaa, daftari kifuani, "hawa ndio wanatuletea afisa?"

Siwatu alitikisa kichwa kukubali, akajifuta macho.

"Basi nyamaza, usilie mbele yao." Bi Msimu akakunja khanga kiunoni, akaingia katikati ya lile fujo. "Haya! Kila mtu aweke sahani yake hapa! Hapa, baba, nyuma ya ya mwenzio! Weka, nenda kakae! Wewe na paja lako, lirudishe! Sahani itakushikia nafasi, wewe kakae!"

Sijui ni ile sauti, sijui ni njaa. Waliweka. Sahani zikapangwa mezani, zikashuka kwenye viti, zikaishia mlangoni, na wenyewe wakaketi. Wale wanawake watano wakapita wanapakua, mmoja wali, mmoja nyama, mmoja kachumbari iliyosalia, na anayekwenda kunawa anakuta sahani yake imejaa na imefunikwa. Dakika kumi, ukumbi mzima unatafuna, kimya.

Siwatu aliinuka. Alikuwa hana haja ya kipaza sauti tena. Kila alichotaka kukisema kilikuwa mezani, kinatoa mvuke. Akamwendea Mheshimiwa. "Umeona, Mheshimiwa? Umeona mwenyewe kwa macho yako?"

"Nimeona!" Mheshimiwa Lugongo akasimama, mchuzi kidevuni, macho yamemlowa. "Ndugu zangu, mmeona? Sheria haina hata nusu saa tangu niisaini, na tazameni! Tazameni watu walivyonyooka!"

Wakasimama wote kumpigia makofi. Bwana Tindwa alipendekeza yawe makofi ya kilo mbili.

*

Jumatatu, Afisa Zamu Daraja la Pili, kijana mpole aitwaye Kaswaga, alifika Kwa Magunia na uzio, meza, kiti, daftari, filimbi na kofia. Akaziondoa ndoo zote, kwa kuomba radhi, akawasimamisha wenyewe juani kwa majina. Siwatu naye alikuwepo, amekaa kwenye jiwe lake la siku zote, na wanawake hawakumsalimia. Jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye uzio.

Ni Bi Msimu tu aliyemsogelea. "Wanasema ni wewe."

"Ni mimi, Bi Msimu. Niliandika nikiwa na hasira."

"Ungekuja kwangu nikakufundisha kukasirika. Hukasiriki kwa maandishi."

Ilipofika saa saba Afisa Kaswaga alibanwa na njaa. Sheria haikusema afisa akiwa na njaa zamu yake inashikwa na nani. Akatazama huku na huku, akavua kofia, akaiweka juu ya kiti, akaenda kula maharage.

Wanawake waliitazama ile kofia. Kisha mmoja, bila kusema neno, akaleta ndoo yake akaiweka nyuma ya kiti. Wa pili akaweka nyuma yake. Walipofika wa kumi, waliobaki wakaenda zao kivulini. Maji yakatoka. Na kwa kuwa wa mbele alikuwa ni kofia, Bi Msimu akachukua chupa ya Afisa Kaswaga iliyokuwa mezani, akaijaza kwanza, akaifunga, akaiweka kando ya kofia yake.

Siwatu alifungua daftari kwa mikono yote miwili.

Hakuwa ameandika hata mstari, gari la Wizara likaingia kwa honi. Akashuka dereva na madumu sita na barua. Maji ya kuoshea magari ya msafara, ilisema barua, kwa ajili ya uzinduzi wa uzio. Mwenye barua hii apewe kipaumbele. Dereva akaisukuma kofia ya afisa kwa mguu, ikaanguka topeni, akatega dumu la kwanza. Alipomaliza la sita bomba likakohoa, likakauka.

"Umeandika?" Bi Msimu aliuliza, ndoo yake tupu mkononi.

"Nimeandika," alisema Siwatu. "Tisa kati ya kumi."

Jioni hiyo hiyo alipanda ghorofa ya tano kwa miguu, akachukua fomu mpya ya kibali, kurasa kumi na nane, apate kuchunguza yale ya sasa na kuyafuta yale ya zamani. Safari hii hakuwa amelowa wala hakuwa na hasira. Kwenye ukurasa wa kumi na saba, palipoandikwa ataje matokeo, aliandika kwa herufi kubwa: "WATAKAORUKA FOLENI NI WENYE BARUA."

Fomu ilirudi kesho yake asubuhi. Haijawahi kutokea fomu kurudi haraka namna hiyo. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko ule ule:

"Hili linajulikana na kila mtu. Utafiti hauhitajiki."